WAZEE WETU SI MZIGO: NANI ANAMLISHA NANI?

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), aliyemuumba mwanadamu katika udhaifu, akampa nguvu baada ya udhaifu, kisha akamrejesha kwenye udhaifu na mvi. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake, Sahaba zake, na kila aliyeufuata uongofu wake hadi Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, liko neno linalosikika mara kwa mara katika mabaraza yetu, na wakati mwengine hata katika viwanja vya misikiti yetu. Neno lenyewe ni "mzigo". Kijana anayechelewa kuoa husema ana mzigo wa wazee. Anayeshindwa kulipa deni lake hutoa udhuru huo huo. Wataalamu wa mipango nao wana neno lao: mtu akishapindukia miaka 65 humwandika katika safu ya "wategemezi", pamoja na mtoto ambaye hajaanza skuli, bila ya kumuuliza leo amefanya kazi gani tangu alipotoka kusali Alfajiri.

Katika toleo hili tumeona ni wajibu wetu kulipima neno hilo kwa mizani mbili, mizani ya Sheria na mizani ya hesabu. Tunafanya hivyo kwa sababu neno likizoeleka huzaa tabia, na tabia ikizoeleka huzaa dhulma. Na dhulma anayofanyiwa mzee ndani ya nyumba yake haina polisi wala hakimu anayeiona, ila Yule Asiyefichikiwa na kitu.

HALI YA ULIMWENGU NA HALI YETU

Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa mwaka 2020 watu wenye umri wa miaka 60 na zaidi walifikia bilioni moja duniani, na linakadiria kuwa ifikapo mwaka 2050 watakuwa bilioni 2.1. Zipo nchi, kama Japani, ambazo zaidi ya mtu mmoja katika kila wanne amekwishapita miaka 65. Huko viongozi wanakuna vichwa: nani atafanya kazi viwandani, na nani atawahudumia wazee ambao watoto wao ni wachache au hawapo kabisa?

Visiwa vyetu bado ni visiwa vya vijana. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima, kutoka 1,303,569 mwaka 2012, na Pemba peke yake watu 543,441. Wengi wao ni watoto na vijana. Lakini asidanganyike mtu kwa hayo. Watu wakiongezeka, na wazee nao huongezeka, na vijana wa leo ndio wazee wa kesho. Isitoshe, wingi wa vijana katika daftari la sensa si wingi wa vijana katika kijiji. Pita Jadida na vijiji vilivyo jirani katika Wilaya hii ya Wete, utazame ni nyumba ngapi ambazo mwenye nguvu amekwenda Unguja, Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Oman kutafuta riziki, na aliyebakia kushika ufunguo wa nyumba ni bibi au babu. Serikali ina nyumba za wazee za Sebleni na Welezo kule Unguja, na Limbani hapa Wete. Wanaoishi humo ni wachache mno wakilinganishwa na wazee wote wa visiwa hivi. Waliobaki wamo majumbani mwetu, na humo ndimo tunamotaka kufanya hesabu.

HESABU YA MKARAFUU

Tuanze na zao ambalo limeipa Pemba jina lake duniani. Mikarafuu ililetwa visiwani mwetu mwanzoni mwa karne ya 19. Mwaka 1872 kimbunga kikubwa kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa. Tokea hapo kisiwa hiki ndicho kilichokuwa mama wa karafuu. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 familia nyingi zikagaiwa eka tatu tatu, na wengine wakaendelea na mashamba waliyoachiwa na wazee wao.

Sasa tujiulize: mkarafuu unaochumwa mwaka huu umepandwa na nani? Mche wa mkarafuu huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa, na ukishatulia huweza kuishi umri wa mtu na kupita. Kwa hivyo kijana anayepanda juu ya mkarafuu mkubwa akarudi na pishi zake, anachuma jasho la mtu ambaye aghlabu amekwishazikwa, au amekaa kibarazani akiegemea mkongojo. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha, kama walivyopokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Anas (R.A.), kwamba Muislamu hapandi mti ukaliwa na mtu, ndege au mnyama ila huandikiwa sadaka. Katika Hadithi nyengine aliyoipokea Imam Ahmad, ametuelekeza kuwa hata Kiyama kikisimama na mmoja wetu ana mche mkononi, basi akiweza kuupanda na aupande. Wazee wetu wengi hawakusoma Hadithi hii kwa isnadi yake, lakini waliifanyia kazi. Walipanda miti ambayo walijua hawatauona ukubwa wake.

Wala mchango wao haukuishia kwenye kupanda. Msimu ukifika, vijana hupanda juu, na hii ni kazi ya hatari ambayo hatuidharau. Lakini karafuu ikishateremka, nani huichambua usiku kucha, akitenga karafuu na makonyo? Aghlabu ni mabibi, wakisaidiwa na watoto. Majamvi ya kuanikia, yanayosukwa kwa ukili, yametoka mikononi mwa nani? Nani hushinda juani akiyachunga wakati wa kuanika, akitazama wingu la upande wa bahari, akapiga ukelele ili karafuu ziingizwe ndani kabla ya mvua kuziharibu? Na nani huwaambia wachumaji kuwa mti huu uko tayari leo, na ule tuuache kidogo, kwa kuwa karafuu ikichumwa changa hupungua uzito na ikichelewa hufunguka na kupoteza daraja?

Kazi hizo zote zina thamani. Lau mwenye shamba angelazimika kuajiri mtu wa kila moja katika hizo, angeona gharama yake. Kwa kuwa hufanywa na mama yake bila ya ujira, haziandikwi popote. Na kisichoandikwa, watu hudhani hakipo.

HESABU YA MALEZI

Kazi ya pili, ambayo tunaiona kuwa ni kubwa kuliko ya kwanza, ni malezi. Mama kijana anayeuza biashara zake sokoni Wete, mwalimu anayekwenda skuli asubuhi, binti aliyekwenda Oman kufanya kazi za nyumbani, kila mmoja wao ameweza kutoka kwa sababu yupo bibi aliyebaki na watoto. Bibi huyo hupika, hufua, huogesha, hupeleka hospitali, na jioni huhakikisha kuwa mtoto ameshika msahafu wake na kwenda chuoni. Fedha zinazotumwa kutoka ng'ambo tunaziita jasho la aliyesafiri, na ni kweli. Lakini nusu ya jasho hilo limetoka nyumbani, kwa yule aliyemwezesha kusafiri.

Asiseme mtu kuwa malezi ni mapenzi tu na hayahesabiwi. Mwenyezi Mungu (S.W.) katika Suuratut Talaaq, aya ya 6, amewaamrisha waume waliowaacha wake zao kuwapa ujira wao wanaponyonyesha watoto. Hakuna anayempenda mtoto kuliko mama yake, na pamoja na mapenzi hayo Sheria imeitambua kazi yake na ikaiwekea haki. Na tukumbuke kuwa Mtume wetu (S.A.W.) mwenyewe, alipofiwa na mama yake akiwa na umri wa miaka sita, alichukuliwa na babu yake Abdul Muttalib, mzee mwenye umri mkubwa, akamlea hadi alipofariki, Mtume akiwa na miaka minane. Umma huu wote una deni kwa babu mmoja aliyelea yatima katika uzee wake.

HESABU YA PENSHENI

Mwezi wa Aprili mwaka 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianzisha Pensheni Jamii kwa kila mzee aliyefikia umri wa miaka 70, awe aliwahi kuajiriwa au hakuwahi. Ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na mwaka 2023 ikapandishwa hadi shilingi 50,000. Wenzetu wa Kenya nao mwaka 2018 waliwapangia wazee wao wa umri huo shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Mwaka 2020 Zanzibar ikapitisha pia sheria ya mambo ya wazee. Haya ni mambo mema, na anayetenda jema hushukuriwa.

Lakini tuzifuate hizo shilingi 50,000 zinakokwenda. Kwa mwaka ni shilingi 600,000. Kwa siku ni kiasi cha shilingi 1,640 hivi. Bibi mwenye wajukuu watatu nyumbani, akizigawa sawa baina yao na yeye mwenyewe, kila mmoja hupata shilingi mia nne na kidogo kwa siku. Kila anayewajua mabibi wa kijijini anajua kuwa hawagawi sawa. Humalizika kwenye daftari la skuli, mafuta ya taa au umeme, dawa ya mtoto na unga wa jioni, na yeye hubakia na kilichobaki, ikiwa kimebaki. Basi huyu ambaye tunasema analishwa, ndiye anayelisha!

Hapa ndipo ilipo dhulma tunayoikusudia. Wapo watoto wanaojua siku ya malipo kuliko mzee mwenyewe. Siku hiyo wanaonekana nyumbani, na kabla ya Magharibi fedha zimekwisha na wao wamekwisha ondoka. Wapo waliorehani mavuno ya shamba la baba yao angali hai, kabla karafuu haijatoa jicho, bila ya kumshauri. Wapo wanaogawana miti ya mzee kwa majina, huu wa fulani na ule wa fulani, ilhali mwenyewe yuko chumbani akiwasikia. Wapo waliokwenda ng'ambo, wakaacha watoto watatu kwa bibi, mwaka wa pili unakatika hawajatuma hata kilo ya mchele.

Sheria imeliweka wazi jambo hili. Mirathi haipatikani ila kwa kuthibitika kifo cha mwenye mali. Mtoto wa mtu aliye hai hana fungu lolote katika mali ya mzazi wake. Anayeichukua bila ya ridhaa yake amekula mali ya mtu kwa batili, na Mwenyezi Mungu amelikataza hilo katika Suuratul Baqarah, aya ya 188. Na ikiwa Mtume (S.A.W.), katika Hadithi aliyoipokea Ibn Maajah, alimwambia mtoto kuwa yeye na mali yake ni vya baba yake, vipi sisi tumeigeuza, tukaifanya mali ya baba kuwa yetu?

MZEE WA MADYAN

Katika Suuratul Qasas, kuanzia aya ya 23, tunasimuliwa habari za Nabii Musa (A.S.) alipofika kwenye kisima cha Madyan. Aliwakuta mabinti wawili wamejitenga na wanyama wao, wakamwambia kuwa baba yao ni mzee sana. Wafasiri wamehitilafiana kama mzee huyo alikuwa Nabii Shuaib (A.S.) au mwengine, na Qur-ani haikumtaja kwa jina. Kilichotajwa ni alichokifanya, nacho kinatutosha.

Mzee huyu hakuwa na nguvu za kunywesha wanyama. Lau angehesabiwa na wataalamu wetu, angeandikwa tegemezi. Lakini alikuwa na mali, na alikuwa na akili na uzoefu wa kuwajua watu. Alimpokea kijana mkimbizi, hana kazi wala pa kulala, akamsikiliza, akamtuliza. Binti yake alipomshauri amwajiri mtu mwenye nguvu na mwaminifu, mzee akaukubali ushauri. Akampa mkataba ulio wazi: kazi ya miaka minane, na akitimiza kumi ni hiari yake, na malipo yake ni kumuozesha mmoja wa mabinti. Akamwahidi kuwa hatamtia katika mashaka. Musa akakubali, na wote wawili wakamfanya Mwenyezi Mungu kuwa shahidi wa waliyoyasema.

Tuizingatie picha hii. Kijana ana nguvu, hana mtaji. Mzee ana mtaji, hana nguvu. Kilichowaunganisha ni mkataba wenye muda unaojulikana, ujira unaojulikana na uaminifu. Hivi ndivyo mashamba yetu ya Pemba yangepaswa kwenda. Vijana wetu wanalalamika hawana ajira, na wazee wanalalamika mashamba yanaota magugu na miti inakufa bila ya kupandiziwa mengine. Wote wawili wanakaa msikiti mmoja, safu moja, na hakuna anayewakutanisha.

NENO KWA VIJANA WA DAAWA

Na hapa tuna neno mahsusi kwa vijana wa harakati, na hasa sisi tuliojaaliwa kusoma kwa lugha ya Kiarabu katika vyuo vya juu. Baadhi yetu tukirudi, jambo la kwanza tunaloliona kwa wazee wetu ni makosa ya ibada zao na mazoea waliyoyakuta. Kusahihisha ni wajibu, kwa hekima na mawaidha mazuri. Lakini kuhitilafiana nao hakuondoshi hata chembe ya haki yao. Mwenyezi Mungu katika Suurat Luqman, aya ya 15, amekataza kuwatii wazazi wanaomshurutisha mtoto kufanya shirki, na katika aya hiyo hiyo akaamrisha kukaa nao duniani kwa wema. Ikiwa hiyo ndiyo haki ya mzazi anayeita kwenye shirki, seuze mzee anayesali sala tano, anayefunga Ramadhani, ambaye karafuu zake ndizo zilizonunua nauli yetu ya kwenda kusoma?

Chuo cha mtaani tulichoanzia alifu, be, te kilikuwa na mwalimu mzee aliyelipwa sadaka ya Alkhamisi na pishi za mpunga wakati wa mavuno. Tusihesabu elimu yetu kuanzia uwanja wa ndege.

MZEE ASIYEWEZA TENA

Asije mtu akatufahamu vibaya. Hatusemi kuwa mzee ana haki kwa sababu anazalisha, na kwamba siku atakayolala kitandani haki yake imekwisha. Wala hatutaki maneno haya yawe hoja ya kumwachia bibi wa miaka 75 kazi za watu watatu. Haki ya mzee imetokana na amri ya Mola wetu katika Suuratul Israai, aya ya 23 na 24, nayo imetaja uzee wenyewe kwa jina lake, wakati ambao mtu huchoka na kuchosha. Hesabu tuliyoifanya ni ya kukanusha uongo wa neno "mzigo", na kuonesha deni tulilonalo.

Kadhi Abu Yusuf katika Kitaabul Kharaaj amesimulia kuwa Umar bin Al-Khattab (R.A.) alimwona mzee kipofu, katika watu wa Kitabu, akiomba. Alipomuuliza kilichomfikisha hapo, akamjibu kuwa ni kodi ya jizya, haja na umri. Umar akamshika mkono hadi nyumbani kwake, akampa alichokuwa nacho, kisha akamwagiza mwenye kuangalia Baitul Maal amtazame yeye na mfano wake, kwani si uadilifu kuutumia ujana wa mtu kisha kumtupa katika uzee wake. Huyo hakuwa hata Muislamu! Basi vipi bibi aliyekulea, ambaye ujana wake umeula wewe mwenyewe?

YANAYOTUPASA

Kwa hayo tunazinasihi kamati za misikiti na familia zetu mambo matano.

Kwanza, pensheni ya mzee iingie mkononi mwake, na yeye ndiye aamue. Anayemchukulia kwa kuwa hawezi kutembea ni mwenye amana, si mwenye mali.

Pili, anayeacha watoto kwa wazazi wake aweke kiwango maalumu cha matumizi kila mwezi, na akitume kabla ya kutuma fedha za kujengea nyumba yake.

Tatu, makubaliano ya kulima na kuchuma mashamba ya wazee yaandikwe na yashuhudiwe, kama tulivyoamrishwa katika madeni katika Suuratul Baqarah, aya ya 282. Aya hiyo imemkumbuka hata mtu dhaifu asiyeweza kutamka masharti yake, ikataka walii wake amsemee kwa uadilifu. Imamu na wazee wa msikiti wanaweza kuwa mashahidi.

Nne, kila msikiti uwe na daftari la wazee wa mtaa wake: nani mgonjwa, nani yuko peke yake, nani analea wajukuu bila ya msaada, na nani ana ujuzi wa kusuka, kuotesha miche au kuunda vyombo. Wenye dhiki wafikiwe kwa zaka na sadaka, na wenye ujuzi wapelekewe vijana wa kufundishwa kabla ujuzi huo haujazikwa nao.

Tano, na hili ni kwa wazee wetu wenyewe kwa taadhima: andikeni wasia wenu na madeni yenu, na mkitoa zawadi kwa watoto fanyeni uadilifu baina yao, kama Mtume (S.A.W.) alivyomwelekeza baba yake Nuuman bin Bashir. Ugomvi mwingi wa mashamba unaofika mahakamani huanzia kwenye neno lililosemwa bila ya shahidi.

Ndugu Waislamu, Imam Bukhari amepokea kuwa Saad bin Abi Waqqas (R.A.) alipodhani ana ubora juu ya wengine, Mtume (S.A.W.) alimtanabahisha kwamba watu hawanusuriwi wala hawaruzukiwi ila kwa sababu ya wanyonge wao. Aliyekuwa akiuliza nani anamlisha nani, jibu lake ni hilo.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awarehemu wazee wetu kama walivyotulea tukiwa wadogo, awasamehe waliotangulia, awape afya waliobaki, na atujaalie tufikapo umri wao tupate watakaotufanyia wema. Aamin.

Wabillahi Tawfiq.